MACHO YA MPANDA YASINGOJE KAMBI

Ipo operesheni ya macho ambayo siku hizi yazungumzwa sana na watu wazima wenye fedha, huko Ulaya, Marekani na Ghuba, na sasa hata katika miji yetu mikubwa. Daktari huiondoa lenzi ya asili ya jicho, hata ikiwa bado ni safi, akatia nyingine iliyotengenezwa kiwandani, ili mwenye jicho apate kusoma na kutazama mbali pasipo miwani. Hatuna ugomvi na mtu anayeitaka kwa fedha zake. Tunalotaka kusema leo ni kwamba operesheni iyo hiyo, kwa ufundi ule ule na karibu kwa lenzi ile ile, ndiyo inayomrudishia kuona mtu aliyepofushwa na mtoto wa jicho. Anayetaka kujua ni nani aihitajiye kwanza asitazame Dar es Salaam wala Mjini Unguja, atazame Mpanda.

Wasomaji wetu wa visiwani watauliza Mpanda yawahusu nini. Yawahusu kwa sababu Mpanda nayo ni kisiwa, ila kimezungukwa na miombo badala ya maji. Kusini iko Hifadhi ya Katavi, magharibi liko Ziwa Tanganyika, na kwingineko ni mwendo mrefu wa pori. Reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa na wakoloni baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya wagonjwa. Mkoa wenyewe wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 tu, ulipomegwa kutoka Rukwa. Lami imekwisha kufika mjini, nasi twaishukuru. Lakini mtu wa Karema au wa Mishamo hana budi kusafiri kwanza ndipo aifikie hiyo lami. Watu wa Kojani na Tumbatu wanaufahamu vizuri ugonjwa ambao safari yake ya hospitali huanza kwa kungoja chombo.

Lenzi ya jicho ni kitu kidogo, kiasi cha punje ya mahindi, nyuma ya mboni. Ujanani ni safi kama maji na hubinuka kwa urahisi ili tuone vitu vya karibu. Mtu akipita miaka 40 hivi, lenzi huanza kuwa ngumu. Ndipo tuonapo watu wakirefusha mkono ili wasome gazeti. Miaka ikizidi huingia ukungu, na ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa iwezayo kuuondoa, sembuse maji ya majani. Tena dawa ya kienyeji ikimiminwa jichoni yaweza kuunguza kioo cha mbele, na mtu aliyekuwa na upofu wa kutibika kwa dakika chache akaishia na ule ulio mgumu kabisa kutibika.

Zamani daktari aliitoa lenzi yenye ukungu akaacha nafasi tupu, mgonjwa akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Waliotibiwa hivyo katika miaka ya 1970 walijua adha yake: miwani ikivunjika njiani, mtu alirudi kuwa kipofu palepale. Aliyeifungua njia nyingine ni Mwingereza Harold Ridley. Aliona kwamba marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki vya vioo vya ndege zao, macho yao hayakuikataa plastiki hiyo. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaanza kazi ya kutia lenzi ya plastiki ya namna hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo lenzi hizo si anasa tena: tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab cha India kinazitengeneza kwa bei ambayo hata halmashauri yenye mfuko mwembamba yaweza kuimudu. Na kwa ile njia ya jeraha dogo lisilohitaji kushonwa, iliyoenezwa sana kutoka Nepal na India, fundi mzoefu huweza kulimaliza jicho moja katika dakika zisizozidi 20, mgonjwa akiwa macho, amechomwa ganzi tu.

Basi tuwatazame watu wenyewe. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania baadaye. Kijana aliyeingia Katumba akiwa na miaka 20 leo amepita 70. Huo ndio umri ambao mtoto wa jicho haulizi kabila wala uraia. Mkoa huu hulima tumbaku, na kazi ya tumbaku ni kazi ya macho: mkulima asiyeweza kutofautisha rangi ya majani hawezi kuyapanga kwa madaraja, wala hawezi kuusoma mzani siku ya soko. Mvuvi wa Ikola asiyeona tundu la wavu hawezi kuushona. Nyumbani kwa kipofu ajira mbili hupotea, ya kwake na ya yule amwongozaye. Na mara nyingi amwongozaye ni mjukuu ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 1 duniani wana upungufu wa kuona ambao ungaliweza kuzuiwa au ambao bado haujatibiwa. Mbele ya hesabu hiyo, lenzi safi ya mtu mwenye miaka 50 yaweza kungoja. Kwa wengi wa umri huo miwani ya kusomea yatosha. Kumtoa mtu lenzi nzima kuna hatari zake: vijidudu vyaweza kuingia jichoni, na retina yaweza kubanduka, hasa kwa wale wasioona mbali kabisa tangu ujana. Tena baadhi ya lenzi zinazoahidi kuona karibu na mbali kwa pamoja humfanya mtu aone duara za mwanga kwenye taa usiku. Kwa dereva wa lori hilo si jambo dogo. Aliye na mtoto wa jicho huzikabili hatari hizo kwa kuwa faida yake ni kubwa; mwingine na apime mwenyewe pamoja na daktari wake.

Sasa twawageukia wakuu wa serikali. Kambi za matibabu ni jambo jema, na aliyepata kuona kwa kambi hatatuelewa tukizibeza. Lakini jicho halitibiwi kwa siku moja. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Ukikosea milimita moja katika kulipima, nguvu ya lenzi itakosewa kwa karibu daiopta tatu, na mgonjwa atatoka akihitaji miwani mizito. Kwa hiyo mashine ya kupimia si pambo. Tena baada ya miezi au miaka utando ulio nyuma ya lenzi mpya waweza kuingia ukungu, ukahitaji kufunguliwa kwa leza. Na jicho likivimba siku ya tatu, kambi imekwisha kuondoka.

Tungependa kusikia katika makadirio ya mkoa majibu ya maswali machache: darubini ya upasuaji, mashine ya kupimia na leza vina fungu gani katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi? Ni watumishi wangapi wa mkoa wanaopelekwa KCMC, Moshi, kusomea macho, na wamefungwa kwa mkataba gani wa kurudi? Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilikusudia mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Je, lenzi nayo imo katika orodha ya malipo, au mzee ataambiwa kwamba operesheni ni bure lakini lenzi anunue?

Mvua hukoma kwenye mwezi wa Mei, na hapo njia za Mishamo na Karema hupitika. Watendaji wa vijiji waweza kuanza sasa kuandika majina ya wazee wasioona, kitongoji kwa kitongoji, ili orodha iwe mezani kwa Mganga Mkuu wa Mkoa kabla ya kiangazi.