Omena ya Mbwa Kali

Mtaani Hurlingham maneno "Mbwa Kali" huandikwa kwenye bati na kutundikwa langoni, chini yake pakachorwa kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Ndiyo maana nilipoyakuta yameandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye kifuko cha kaki kilichofungwa kwa uzi wa katani, juu ya meza ya bawabu wa jengo moja la fleti karibu na Barabara ya Argwings Kodhek, nilidhani ni mzaha. Bawabu alikifungua kidogo nichungulie. Ndani mlikuwa na biskuti ngumu za rangi ya udongo, nazo zilinukia omena.

Harufu hiyo haikuniacha. Omena naijua ikiwa sufuriani na nyanya, ugali ukiwa pembeni. Kuifunga iwe zawadi, tena zawadi ya mbwa, ni jambo jingine. Nilipouliza mtengenezaji ni nani, bawabu alinyosha kidole juu.

Ni mama aliyestaafu uuguzi, mzaliwa wa upande wa Homa Bay. Alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake lisitokee gazetini. Hawaogopi majirani. Anaogopa shemeji zake kijijini, ambao wakisikia kwamba anawaokea mbwa watamwitia kikao.

Kuoka, anasema, ndiyo kazi ndogo. Kazi yenyewe ni omena. Hununua soko la Toi kwa gorogoro, na hanunui kabla ya kutumbukiza mkono hadi chini ya gunia, kwa sababu nzuri hupangwa juu. Huchukua moja akaivunja: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikipinda, anaondoka. Iliyoanza kugeuka manjano inaelekea kuchacha, hata iwe rahisi namna gani. Anajua pia kuhesabu mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapowaka ziwani taa hazivutii samaki, basi wavuvi hupata kidogo na bei hupanda hadi huku Nairobi. Biskuti za Desemba, kwa hiyo, huanza kwa omena iliyovuliwa usiku wa giza.

Adui wake ni mchanga. Omena iliyoanikwa juu ya nyavu huwa na nafuu. Iliyotandazwa ufuoni huja na ufuo wake. Huiloweka katika maji ya uvuguvugu, akaikoroga kwa vidole, kisha huinyanyua kwa viganja na kuacha mchanga utuame. Kamwe haimwagi pamoja na maji, maana hapo mchanga hurudi ulikotoka. Hurudia mpaka kidole kikipita chini ya beseni kisihisi chembe. Halafu huikaanga kavu, bila mafuta, moto mdogo, mwiko haupumziki. Mimi nilikuwa nikitazama rangi. Aliniambia, mwanangu, sikiliza. Na kweli, ule mchakacho laini ulififia, sufuria ikaanza kulia kama iliyotiwa kokoto. Hapo akazima.

Huitwanga kwenye kinu. Blenda anayo, lakini anasema hugeuza kila kitu vumbi, naye anataka vipande vidogo vibaki ili mbwa ajue anachotafuna. Kisha huchanganya na viazi vitamu vilivyopondwa, unga wa wimbi na yai. Hatii chumvi wala sukari. Biskuti zikishaiva huziacha ndani ya jiko kwa moto wa chini hadi unyevu uishe, la sivyo huota ukungu, hasa wakati wa baridi ya Julai. Tokeni za stima ndizo humuuma kuliko bei ya omena.

Sufuria za kazi hii hazipikiwi kitu kingine. Jirani yake ni Mwislamu na wameazimana vyombo miaka mingi, basi vya mbwa vimefungiwa kabati lao peke yake.

Kikata-biskuti kilifuliwa na fundi wa jua kali huko Kamukunji. Alimchorea mfupa, fundi akageuza karatasi huku na huku, akauliza kama ni spana. Kilichotoka ni nusu mfupa, nusu spana, naye alikipenda hivyo. Umbo la mfupa lenyewe si la zamani sana: Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa mjini London karibu na 1860, lakini zile za Milk-Bone, zenye umbo la mfupa, zilianza kutengenezwa New York mwaka 1908. Za Hurlingham zina alama ya nyundo.

Uuguzi haujamtoka, na unaonekana katika vitu anavyovikataa. Chukua kikapu cha kawaida cha zawadi za Desemba kutoka duka kubwa lolote: chokoleti, keki yenye zabibu kavu, pakiti ya makadamia kutoka Murang'a au Embu. Vyote vitatu ni sumu kwa mbwa. Ongeza vitunguu. Ongeza zailitoli, sukari bandia inayotiwa kwenye peremende na hata siagi nyingine za karanga, ambayo inaweza kumuua mbwa kwa kiasi kidogo. Karanga aliziacha kabisa, na unga wa mahindi vilevile. Anakumbuka 2004, aflatoksini ilipoua watu 125 upande wa Makueni na Kitui kwa mahindi yaliyoota kuvu. Mbwa naye haistahimili sumu hiyo, na hakuna jicho linaloweza kuiona ndani ya unga.

Nikamuuliza zawadi hii ni ya nani, kwa kuwa mbwa hajui Krismasi. Hakubishana. Mwenye mbwa hupokea ujumbe wa simu na kushukuru, mbwa hula, katikati yuko bawabu, au dada wa nyumbani, anayemlisha mbwa huyo kila siku na ambaye jina lake halipo kwenye kifuko. Siku moja bawabu wa jirani alidhani ni zake, akala mbili kabla ya kuambiwa. Hazikumdhuru, hakuna kitu ndani yake ambacho mtu hali. Tangu siku hiyo huambatanisha mandazi. Sikujua nicheke au nini, naye hakunisaidia.

Mkaza mwana wake alimwuliza waziwazi kwa nini omena hiyo isipelekwe Kibra kwa watoto. Mama anasema sehemu kubwa ya omena ya ziwa huishia viwandani kuwa chakula cha kuku na mifugo, na hakuna anayewauliza wenye kuku. Anasema pia kwamba miaka aliyokuwa akipeleka maua kwa marafiki, na maua hayaliwi na yeyote, hakuna mtu aliyemtajia Kibra. Nilikubaliana naye nikiwa jikoni kwake. Baadaye nilipita Toi, nikamkuta mama mmoja akipima omena ya kikombe kimoja, mnunuzi akimsihi aongeze kidogo, na lile jibu la maua likaanza kunipungukia. Muuzaji sikumuuliza anaonaje; foleni ilikuwa ndefu.