Michezo ya video inapotengenezwa upya: Kwa nini mingine hupendwa na mingine hukataliwa?

Mwaka 2012 wapenzi wa mchezo wa video uitwao Tony Hawk's Pro Skater walipata habari waliyoingoja kwa muda mrefu. Mchezo huo wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999 na kufuatiwa na wa pili mwaka 2000, ulikuwa umetengenezwa upya kwa picha safi zaidi. Waliununua kwa hamu, lakini wengi wao hawakukaa nao muda mrefu. Miaka minane baadaye, Septemba 2020, michezo ileile miwili ilitengenezwa upya kwa mara nyingine. Safari hii nakala milioni moja ziliuzwa katika muda wa wiki mbili hivi, na sifa zikamiminika.

Jina lilikuwa lilelile, viwanja vingi vilikuwa vilevile, na kampuni yenye mali hiyo, Activision, ilikuwa ileile. Ni kitu gani, basi, kilichotofautisha kazi ya kwanza na ya pili?

Swali hili linagusa nyumba nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vijana waliokuwa wakipokezana pedi za PlayStation katika vibanda vya mitaani miaka ya 2000 leo ni baba na mama. Wanapoliona tena jina la mchezo wa utotoni mwao, hulinunua kwa ajili ya kumbukumbu, na mara nyingine kwa ajili ya kuwaonyesha watoto wao kile walichokipenda. Kampuni zinalifahamu hilo vizuri. Lakini auzaye kumbukumbu anamuuzia mtu kitu ambacho tayari anakijua kwa undani, na mnunuzi wa namna hiyo hadanganyiki kwa urahisi.

Kupaka rangi na kujenga upya

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutenganisha mambo mawili. Ipo michezo inayong'arishwa tu: msingi wake hubaki, picha zikasafishwa ili zionekane vizuri katika televisheni za kisasa. Hiyo ni sawa na nyumba ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Ipo pia michezo inayojengwa upya kuanzia chini, ambapo jina na hadithi hubaki lakini kila tofali ni jipya. Njia zote mbili zimezaa kazi nzuri na mbaya, na kazi nyingi huchukua kidogo huku na kidogo kule. Hivyo ukubwa wa mabadiliko peke yake hautoshi kueleza kwa nini watu hufurahi au hununa.

Kumbukumbu iliyo vidoleni

Turejee kwenye mchezo wa ubao. Toleo la 2012, lililotengenezwa na studio ya Robomodo, lilipendeza machoni kuliko la asili. Malalamiko ya wachezaji wa zamani yalihusu mwendo: kuruka, kugeuka hewani na kutua hakukuwa kama walivyozoea. Kuna mambo ambayo macho huyasahau lakini vidole huyakumbuka, kama mshonaji anavyokijua cherehani chake gizani. Isitoshe, toleo hilo liliondoa uwezo wa watu wawili kucheza pamoja mbele ya televisheni moja. Kwa ndugu waliokua wakishindana wakiwa wamekaa mkeka mmoja, hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya mchezo.

Studio ya Vicarious Visions ilipopewa kazi hiyohiyo kwa ajili ya toleo la 2020, ilianza na vidole. Iliutafuta msimbo wa asili wa studio ya Neversoft, yaani maandishi ya maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, na ikautumia kuongoza mwendo wa ubao. Picha mpya zikajengwa juu ya mwendo wa zamani. Uwezo wa wawili kucheza televisheni moja ukarudi. Kisha ikafanya jambo la busara: watelezaji mashuhuri waliomo katika mchezo walionyeshwa kwa sura za umri wao wa sasa. Tony Hawk mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1968, anaonekana mtu mzima aliyepita miaka hamsini, naye bado yupo juu ya ubao. Mchezo ulikiri kwamba wakati umepita, na mchezaji aliyezeeka nao akajiona humo.

Studio hiyohiyo ilikuwa imejifunza ugumu wa jambo hili mwaka 2017, ilipoijenga upya michezo mitatu ya mwanzo ya Crash Bandicoot. Mauzo yalikuwa makubwa, lakini mara moja wachezaji waligundua kwamba mhusika alikuwa akiteleza kutoka kwenye kingo ambazo zamani alizikanyaga salama. Watengenezaji hawakukana. Walieleza kwamba waliufanya mwendo wa michezo yote mitatu ufanane, wakiuchukua mchezo wa tatu kuwa kigezo, na kwamba kuruka katika mchezo wa kwanza sasa kulihitaji uangalifu zaidi. Tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde iliwatosha watu kujua kwamba kuna kitu kimehama.

Ukungu uliofutwa

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila upungufu wa zamani ni dosari. Mfululizo wa Silent Hill, ambao ni wa kutisha na haufai kwa watoto, unasifika kwa ukungu mzito unaoufunika mji wake. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 1999, ukungu huo ulisaidia kuficha udhaifu wa mashine ya wakati ule, isiyoweza kuchora vitu vya mbali. Lakini kilichozaliwa na udhaifu kiligeuka kuwa roho ya mchezo, kwa kuwa mchezaji huogopa kile asichokiona. Mchezo wa pili, wa mwaka 2001, ulipong'arishwa mwaka 2012, ukungu ulipungua, na ncha za ulimwengu wa mchezo zikaonekana wazi kama nguzo za jukwaa nyuma ya pazia. Baadaye ilifahamika kwamba walioifanya kazi hiyo walikabidhiwa msimbo ambao haukuwa wa mwisho, kwa sababu kampuni haikuwa imeuhifadhi ule uliokamilika. Mwaka 2024 studio ya Bloober Team ya Poland iliujenga mchezo huo upya, ikaurudisha ukungu, na wengi waliokuwa na mashaka wakaridhika.

Jambo la namna hiyo lilitokea Novemba 2021, michezo mitatu ya Grand Theft Auto ya miaka ya 2001, 2002 na 2004 ilipouzwa upya kwa dola 60 za Marekani. Ukungu wa mbali ulipoondolewa katika mchezo wa San Andreas, nchi iliyowahi kuonekana kubwa isiyo na mwisho ilijidhihirisha kuwa eneo dogo tu, mtu akiweza kuuona mji wa pili akiwa amesimama katika wa kwanza. Picha nyingi zilikuwa zimekuzwa kwa akili mnemba, na baadhi ya maandishi kwenye mabango yakaharibika. Duka moja la donati katika mchezo wa asili lilikuwa na sanamu ya nati kubwa ya pembe sita, mzaha wa kuchezea maneno nati na donati. Katika toleo jipya pembe zile zililainishwa nati ikawa mviringo, na mzaha ukafa. Mashine ilisafisha umbo bila kujua maana yake, wala hakuwapo mtu wa kuisahihisha kabla bidhaa haijafika sokoni.

Kuondoa cha zamani

Yote hayo yangeweza kusameheka kama cha zamani kingeachwa mahali pake. Lakini mwezi mmoja kabla ya kutoa michezo hiyo, kampuni ya Rockstar iliyaondoa matoleo ya asili katika maduka ya mtandaoni. Baada ya ghadhabu ya wateja iliomba radhi, ikakiri kwamba kazi haikufikia kiwango chake yenyewe, na ikayarejesha matoleo ya zamani kwa wachezaji wa kompyuta.

Mfano mzito zaidi ni wa Warcraft III, mchezo wa kampuni ya Blizzard wa mwaka 2002. Mwaka 2018 kampuni iliwaahidi wateja toleo jipya lenye zaidi ya saa nne za maonyesho ya hadithi yaliyotengenezwa upya. Toleo hilo lilipotoka mwishoni mwa Januari 2020, sehemu kubwa ya ahadi hiyo haikuwamo. Mashindano ya madaraja na vikundi vya wachezaji, mambo yaliyokuwapo katika mchezo wa zamani, nayo hayakuonekana. Tena, waliokuwa na mchezo wa zamani na ambao hawakununua mpya walilazimishwa kupokea programu mpya, nao wakapoteza walichokuwa nacho. Katika tovuti ya Metacritic, alama za watumiaji zilishuka chini ya 1 kati ya 10, na Blizzard ikawarejeshea fedha walioomba. Mwaka 2021 Bloomberg iliripoti, kwa kutumia nyaraka za ndani na maelezo ya waliokuwamo, kwamba bajeti ya kazi hiyo ilikuwa imebanwa na usimamizi ulikuwa dhaifu.

Linganisha na Halo: Combat Evolved, mchezo uliotolewa upya mwaka 2011, miaka kumi baada ya kuzaliwa kwake. Humo mchezaji hubonyeza kitufe kimoja, picha mpya zikaondoka na za 2001 zikarudi palepale. Wapo walioona kwamba mwanga mpya umeharibu hali ya baadhi ya sehemu. Hao hawakuwa na la kulalamikia sana, maana chao cha zamani kilikuwa mkononi mwao.

Kubadilisha bila kuharibu

Msomaji asidhani kwamba usalama upo katika kunakili tu. Resident Evil 2, mchezo mwingine wa watu wazima, uliotoka mwaka 1998 na kujengwa upya mwaka 2019, ulibadilishwa sana. Zamani kamera ilikaa pembeni mwa chumba bila kusogea. Sasa inamfuata mhusika begani. Lakini kampuni ya Capcom ilitunza kituo cha polisi chenye milango iliyofungwa, uhaba wa risasi na hofu ya kila kona. Nakala zaidi ya milioni 10 zimeuzwa. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 nayo imegawanywa katika sehemu tatu, ya kwanza ikitoka mwaka 2020 na ya pili mwaka 2024, na hadithi yenyewe imeguswa. Mabadiliko hayo yalizua ubishi, lakini wengi waliyapokea, hasa kwa kuwa miongoni mwa waliosimamia kazi alikuwamo Yoshinori Kitase, aliyeuongoza mchezo wa asili. Anayejua kwa nini ukuta ulijengwa pale ndiye anayejua kama unaweza kuhamishwa.

Tunaloweza kujifunza majumbani

Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo ya video, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Hiyo ndiyo sababu jambo hili si la anasa tu. Kwa michezo mingi, toleo jipya litakuwa ndilo pekee ambalo kizazi kijacho kitalijua. Likiharibiwa, mtoto hatajua mzazi wake alipenda nini.

Kwa familia, somo la kwanza ni subira. Mchezo uliotengenezwa upya usinunuliwe kabla haujatoka kwa sababu ya jina peke yake. Siku chache baada ya kutoka, wachezaji wa zamani huwa wamekwisha kusema kama mwendo ni uleule, na video za mchezo wenyewe hueleza zaidi kuliko matangazo. La pili, tazama umri ulioandikwa kwenye kasha. Picha mpya huufanya ukatili wa zamani uonekane wa kweli zaidi, na mchezo ambao kijana wa 2004 aliuona kama katuni unaweza kuwa mzito kwa mtoto wa leo. La tatu, mwenye mashine na diski zake za zamani azitunze. Hizo haziwezi kubadilishwa kutoka mbali.

Kwa watengenezaji, somo ni moja. Mchezo unaopendwa ni amana ya watu wengi, hata kama hati ya umiliki ina jina la kampuni moja. Aliyekabidhiwa amana anaweza kuifuta vumbi na hata kuitengenezea kasha jipya, lakini kwanza aulize wenyewe waliipendea nini.