Je, Sare Inatufanya Tuwe Sare?

Neno "sare" lina maana zaidi ya moja. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, zimetoka sare. Wanawake wakishona kitambaa cha aina moja kwa ajili ya harusi, wamevaa sare. Na nguo za shule nazo ni sare. Tulipolijadili neno hili klabuni, swali likazuka: watoto wa shule za msingi hapa Johannesburg wakivaa sare, kweli wanakuwa sare?

Wazazi wetu wengi wanaipenda sare. Waliosoma Tanzania wanakumbuka shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu. Kitambaa kilinunuliwa sokoni, fundi cherehani akashona, na sketi ikimbana dada, anapewa mdogo wake. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mchuuzi walifanana.

Hapa mambo ni tofauti. Shule nyingi zinataka sweta, tai na hata bleza yenye nembo ya shule, na mara nyingine vitu hivyo vinauzwa katika duka moja tu. Mzazi hana pa kulinganisha bei. Baadhi yetu tunakumbuka asubuhi za Julai, baridi kali, mtoto akiambiwa avue koti kwa sababu halina nembo.

Mwaka 2006 serikali ilitoa miongozo ya kitaifa kuhusu sare. Inashauri sare iwe ya bei nafuu, na inasema mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu wazazi wake hawawezi kuinunua. Tume ya Ushindani nayo imekuwa ikipinga mikataba inayoipa duka moja haki ya kuuza peke yake.

Kuna pia mwili wenyewe. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya Sunali Pillay, msichana wa Durban aliyekatazwa kuvaa kipini puani. Kwake kipini kilikuwa sehemu ya mila za familia yake zenye asili ya India ya Kusini, na mahakama ilisema kumnyima ruhusa kulikuwa ubaguzi. Mwaka 2016 wasichana Weusi wa Pretoria High School for Girls waliandamana dhidi ya kanuni za nywele, na kipengele hicho kikasimamishwa. Kesi hizi zilihusu shule za sekondari, lakini mtoto wa miaka saba mwenye nywele za kusuka au ushungi hukutana na swali hilohilo, naye hana sauti ya kuandamana.

Afrika Mashariki nako swali hili lipo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimrudisha darasani msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa katika shule moja ya Kibera kwa sababu ya nywele zake.

Ila kuna jambo ambalo wazazi wetu wengi hawalijui. Walizoea kanuni zinazotoka wizarani au kwa mwalimu mkuu. Kwa Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya 1996, kanuni za shule ya umma hupitishwa na bodi ya shule, baada ya kushauriana na wanafunzi, wazazi na walimu. Na katika bodi hiyo wazazi wenye kura lazima wawazidi wajumbe wengine wote wenye kura. Kwa hiyo mama anayelalamika jikoni kuhusu bei ya bleza anaweza kulalamika mkutanoni, na kupiga kura.

Kinachomzuia mara nyingi ni lugha. Barua za mikutano huja kwa Kiingereza, na mzazi aliyetoka Bukavu au Kigoma huiweka juu ya kabati. Hapo sisi tuna kazi. Tunawaomba wanachama wenzetu: barua ya shule ya mdogo wako ikifika nyumbani, mfafanulie mzazi kwa Kiswahili, kisha mwende mkutanoni pamoja. Walimu wetu, tunaomba mtusaidie kupata maneno sahihi ya kisheria.

Huenda sare ikawa sare kweli, wazazi wote wakishiriki kuichagua.