Petro Aliokolewa, Je, Yakobo?

Somo: Matendo ya Mitume 12:1–24



Wako watu wasemao kwamba Biblia ina mambo mawili yasiyoaminika: miujiza yake, na haki ya Mungu wake. Huuliza hivi: "Kama Mungu aweza kufungua gereza, mbona humfungulia mmoja na kumwacha mwingine afe?" Swali hili si la wasomi peke yao. Basi laanguka mtoni, abiria mmoja atoka mzima, na jamaa za waliokufa wasikia watu wakimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mmoja. Hao yatupasa tuwajibu, wala si kuwakemea.

Twende basi kwenye sura ya 12 ya Matendo. Mfalme Herode Agripa alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Kisha akamkamata Petro, akamtia gerezani alindwe na askari 16, wanne wanne kwa zamu. Usiku ule Petro alikuwa amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili. Malaika akamwamsha, minyororo ikaanguka, na lango la chuma likafunguka lenyewe.

Kwanza, tuangalie muujiza. Mwaka 1748 mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliandika kwamba ushuhuda wa muujiza hauwezi kuyashinda yale ambayo watu wote wameyazoea, na ya kuwa habari za namna hiyo huenea hasa kati ya watu wasio na elimu. Lakini watazameni waliokuwa nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko. Walikuwa wakiomba usiku. Kijakazi Roda alipowaambia kwamba Petro yu mlangoni, walimwambia ana wazimu. Je, hao ni watu wepesi wa kudanganyika? Walijua, kama tujuavyo sisi, kwamba minyororo haianguki yenyewe. Walisadiki walipofungua mlango wakamwona.

Na hayo tuliyoyazoea je? Maji hayapandi mlima. Lakini mkulima akiweka pampu mtoni, maji yatapanda mpaka shambani, wala hakuna sheria ya maji iliyovunjika. Ni mtu ametia mkono wake. Mazoea yatuonyesha jinsi mambo yaendavyo yakiachwa yenyewe. Hayawezi kutuambia kwamba Mwenye shamba hana mkono.

Pili, tuangalie haki. Mtu atungaye hadithi ili awavute watu angalimwacha Yakobo asitajwe. Luka hakufanya hivyo. Aliandika kifo na wokovu katika sura moja. Wala hakusema kwamba Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika, au kwamba alikosa watu wa kumwombea. Hapa wenye shaka hukosea pamoja na baadhi ya wahubiri, maana wote wadhani kwamba muujiza ni mshahara wa mtu mwema. Kama ni mshahara, Yakobo alipunjwa. Lakini muujiza ni ishara: waonyesha ni nani aliye Bwana wa gereza. Petro alitolewa ili aendelee na kazi, na baadaye yeye naye aliuawa. Mapokeo ya Kanisa yasema aliuawa huko Rumi, siku za Kaisari Nero. Basi lango lile la chuma lilimpa miaka tu. Yeye na Yakobo wangojea ufufuo ule ule.

Na Herode je? Huko Kaisaria watu walimpigia kelele kwamba yeye ni mungu, akapigwa, akafa. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, naye aliandika kwamba mfalme huyu alisifiwa kama mungu huko Kaisaria, akashikwa na maumivu ya tumbo, akafa baada ya siku tano. Hayo yalikuwa katika mwaka 44. Hata hivyo, kifo chake hakikumrudishia mama yake Yakobo mtoto wake, wala hakikuwafufua wale walinzi wa gereza ambao Herode aliamuru wauawe. Tena wako wadhalimu wengi waliokufa kitandani kwa raha. Mwenye duka hafungi hesabu zake saa sita za mchana. Ndiyo sababu twaiungama siku ya hukumu: haki ya Mungu imekwisha kuanza, lakini haijamalizika.

Kwa nini Petro, na si Yakobo? Hatukuambiwa. Lakini twajua kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe hakushushwa msalabani. Alikwenda njia ya Yakobo, siyo njia ya Petro ya usiku ule, na siku ya tatu Baba akamfufua. Huo ndio muujiza unaoshika mingine yote.

Basi, ndugu, mkienda matangani, msimwambie mjane kwamba maombi yake yalipungua. Ketini naye. Tena msiache kuwaombea wagonjwa na wafungwa, kwa maana malango ya chuma hufunguka.

Na tuombe. Ee Bwana, Mwamuzi wa haki, uwafariji ambao kwao lango halikufunguka, na utupe sote kuungojea ufufuo kwa saburi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.