Ribiti Iuzwe kwa Metali na Unene Inaoubana

Fundi anayenunua ribiti mara nyingi hutaja kipimo kimoja: kipenyo. Anataka za milimita 4, anahesabiwa, analipa, anaondoka. Kipenyo kina haki yake, kwa kuwa ribiti ya milimita 4.8 ina eneo la metali mara 2.25 ya ile ya milimita 3.2, na nguvu ya kuikata huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini kiungo huweza kulegea bila ribiti hata moja kukatika, na hapo ndipo biashara hii inapokosea. Ribiti ya kuvuta, ile wengi waiitayo pop, hubana pale msumari wake unapovutwa kwa koleo hadi ganda livimbe upande wa pili, kisha msumari ukatike. Ikiwa fupi kuliko unene wa mabati, ganda la kuvimba halitoshi. Ikiwa ndefu mno, huenda uvimbe usikae sawasawa nyuma ya bati, na bodi ya gari itaanza kupiga kelele kwenye barabara ya vumbi. Kila ribiti ina unene iliokusudiwa kubana, nao umeandikwa kwenye pakiti.

Metali nayo ni suala zito zaidi, hasa kwenye mwambao wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ambako hewa ina chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huila nyingine. Ribiti ya alumini kwenye bati kubwa la stenlesi huliwa upesi, kwa sababu hasara yote inaangukia kipande kidogo. Kinyume chake, ribiti chache za stenlesi kwenye bati pana la alumini huleta madhara madogo zaidi, ingawa bado zahitaji gundi ya kuzuia maji isipenye. Tena, ribiti nyingi zinazouzwa kama za alumini zina msumari wa chuma, na kichwa cha msumari huo hubaki ndani kikishika kutu. Kwa sanduku la gari la kubebea samaki, inayofaa ni ya alumini tupu, ganda na msumari, yenye ncha iliyozibwa. Kwa mkono wa sufuria hata hiyo sipendekezi. Pande zote mbili zinafikika, basi ipigwe ribiti nzima ya alumini kwa nyundo, isiyo na tundu la kuvuja.

Watasema mteja halipii tofauti ya bei. Hiyo ni hoja ya kweli kwa fundi mwenye mtaji mdogo, ila gharama kubwa haiko kwenye ribiti. Kuing'oa iliyokosewa ni kutoboa kichwa kimoja kimoja kwa drili, na tundu likipanuka italazimu ribiti nene zaidi. Wengine watapendekeza kuchomelea. Moto huunguza zinki ya mabati na kukunja alumini nyembamba, kwa hiyo ribiti hapo ina nafasi yake halali.

Ninaloliomba lipo mikononi mwa wenye maduka. Wanapofungua pakiti na kuuza kwa vipande, maelezo hubaki dukani. Waandike kwenye bahasha ya khaki kwa kalamu: alumini kwa alumini, milimita 4, hubana 3 hadi 5.