Jicho la Jirani na Mwenye Ukoma



Katika vijiji twasikia mara nyingi maneno kama haya: «Wenye ukoma ni watu wa hasira, watu wa kujificha, hawapendi wenzao.» Leo tuulize swali moja. Hasira hiyo na kujificha huko vyatoka wapi? Vyatoka katika ugonjwa wenyewe, ama vyatoka kwetu sisi tunaomtazama mgonjwa?

Ili tupate jibu, twende mbali, mpaka visiwa vya Hawaii katikati ya bahari ya Pasifiki. Mwaka 1865 serikali ya mfalme wa visiwa hivyo ilitunga sheria ya kuwatenga wenye ukoma na watu wengine wote. Wakati ule hakuna aliyejua ukoma hutokana na nini. Mdudu wake, mdogo hata macho hayawezi kumwona, aligunduliwa mwaka 1873 na mganga wa Norway aliyeitwa Hansen. Kabla ya hapo hofu ilikaa mahali pa ujuzi.

Tarehe 6 Januari 1866 wagonjwa 12 wa kwanza walishushwa katika kisiwa cha Molokai, mahali paitwapo Kalawao. Pande tatu ni bahari yenye mawimbi makali. Upande wa nne ni ukuta wa mlima unaopita mita 600 kwenda juu. Serikali ilidhani kwamba wagonjwa watalima na kujilisha wenyewe. Lakini mtu ambaye vidole vyake vimeharibika atashikaje jembe? Tena, mtu aliyeondolewa kwa mkewe na watoto wake, akaambiwa kwamba hatarudi kamwe, atalima kwa ajili ya nani?

Yaliyofuata si ajabu. Wengine walipika pombe kali kwa mizizi ya mmea uitwao ki, wakalewa usiku kucha. Wenye nguvu waliwanyang’anya wanyonge. Walisemezana ya kwamba sheria haifiki mahali pale. Na watu wa nje waliposikia habari hizo walitikisa kichwa wakasema: ndivyo walivyo wenye ukoma, ugonjwa huo huoza mwili na roho pamoja.

Hapa lipo kosa ambalo inafaa tulichungue polepole. Walevi wale, mwaka mmeja kabla ya kupelekwa Molokai, walikuwa nani? Walikuwa wavuvi, wakulima, baba na mama za watu, wenye jina na heshima katika vijiji vyao. Ukoma hauna pombe ndani yake. Jambo lililogeuka ni mahali walipowekwa na namna walivyotazamwa. Watu waliwatenga kwa kuwa waliwadhani wabaya. Kutengwa kukazaa ubaya. Kisha ubaya ule ukaonyeshwa kama ushahidi kwamba dhana ya kwanza ilikuwa ya kweli. Dhana hujizalia mashahidi wake yenyewe.

Wala wote hawakuharibika. Palikuwa na waume na wake wazima wa mwili waliokubali kuwafuata wenzi wao wagonjwa ili wawatunze. Kwa Kihawaii waliitwa kokua. Katika mwaka ule ule wa 1866, wagonjwa 35 walianzisha ushirika wao wa Kiprotestanti, wakauita Siloama. Hao walikuwa na ugonjwa ule ule, juu ya nchi ile ile. Lakini walikuwa na mtu wa kuwaita kwa jina, na kazi ya kufanya pamoja.

Tarehe 10 Mei 1873 alifika padri mmoja kijana, Damien, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Jozef De Veuster, mzaliwa wa Tremelo katika Ubelgiji. Sitawasimulia maisha yake yote. Wengi wenu mmeyasikia. Tena asidhaniwe kwamba alikuwa mpole siku zote: waliomjua walisema alikuwa mkaidi na mwepesi wa hasira. Nataka mwangalie neno moja tu. Alikula pamoja na wagonjwa katika chombo kimoja. Aligusa vidonda vyao. Alijenga nyumba za mbao pamoja nao, wakatandika mabomba ili maji yafike kijijini. Aliwatengenezea wafu majeneza, ili mtu asitupwe kama mnyama. Walipanga waimbaji na wapiga muziki, na wavulana na wasichana yatima wakapata nyumba.

Basi tabia ikaanza kugeuka. Ulevi haukwisha, lakini ulipungua. Bustani zikalimwa, na maziko yakawa na heshima. Nawaomba mkumbuke hapa kwamba dawa haikuwapo. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeponywa na Padri Damien. Yeye mwenyewe alishikwa na ukoma, akafa tarehe 15 Aprili 1889. Kama ubaya wa tabia ungalitoka katika ugonjwa, ungalibaki pale pale, kwa maana ugonjwa ulibaki.

Hata yeye dhana haikumwacha. Baada ya kifo chake, mchungaji mmoja wa Honolulu aliyeitwa Hyde aliandika kwamba Damien aliupata ukoma kwa mwenendo wake mchafu. Wengi siku zile waliamini kwamba ukoma ni mshahara wa uzinzi. Mwandishi Robert Louis Stevenson, ambaye hakuwa Mkatoliki, alimjibu kwa ukali katika barua ya wazi mwaka 1890. Kanisa lilimtangaza Damien kuwa mtakatifu mwaka 2009.

Kuna habari nyingine ya visiwa vile isiyojulikana sana kwetu. Katika kisiwa cha Kauai alikuwako mchunga ng’ombe jina lake Koolau, mtu wa kazi na wa amani. Alipopata ukoma alikubali kwenda Molokai, ila pamoja na mkewe Piilani. Mwaka 1893 aliambiwa kwamba mke hataruhusiwa. Akakimbia pamoja na mkewe na mtoto wao katika bonde la Kalalau. Askari mkuu wa serikali alipokuja kumkamata, Koolau alimwua kwa risasi; kisha likatumwa jeshi lenye mzinga, nalo likashindwa. Mtoto alikufa kule kule mafichoni, halafu baba. Piilani aliwazika kwa mikono yake, akarudi peke yake kwa watu wake. Serikali ilimwita Koolau mwuaji, na kweli aliua. Lakini mtu huyo hakuwahi kuwa mwuaji mpaka siku alipotenganishwa na mkewe kwa sheria. Na Piilani, aliyelala karibu naye miaka yote ile, hakushikwa na ukoma.

Sheria ile ya kutenga ilifutwa mwaka 1969. Katika muda wa miaka zaidi ya mia moja, watu kama 8,000 walikuwa wamepelekwa Molokai. Milango ilipofunguliwa, baadhi ya wagonjwa walichagua kubaki. Hawakuogopa ukoma tena, bali macho ya watu wa nje.

Sasa turudi Kongo, moja ya nchi ambamo ukoma haujaisha. Watu wengi mno wana nguvu ya asili mwilini ya kuushinda. Dawa iko, na tangu mwaka 1995 wagonjwa huipata bure: miezi 6 kwa wengine, miezi 12 kwa wengine. Mara mgonjwa aanzapo kuimeza, haambukizi tena. Mbona basi tungali twaona mikono iliyoharibika? Mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa alificha doa lake chini ya nguo, akiogopa kufukuzwa nyumbani au kuachwa na mkewe. Wakati alipokuwa akijificha, mishipa ya fahamu ilikufa. Mkono usiosikia uchungu huungua penye jiko bila mwenyewe kujua, hukatwa, huoza. Kisha jirani huona mkono ule na kusema: «Ukoma hauponi.» Ni mzunguko ule ule wa Molokai, katika ua wetu wenyewe.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe kidogo au jekundu, lisilowasha wala kuuma. Mzazi aonaye doa kama hilo kwa mtoto wake ampeleke kituo cha afya juma hilo hilo. Huko mwuguzi atamwambia mtoto afumbe macho, atagusa doa kwa pamba, naye atamwuliza kama anasikia.