Shajara ya faragha: chemchemi ya mwandishi kabla ya kitabu

Msomaji huona kitabu kilichokamilika. Ni nadra kuona daftari lililokitangulia. Hata hivyo, historia ya fasihi ya Tanzania na Kenya inaonyesha kwamba maandishi ambayo mtu hujiandikia mwenyewe, bila kutarajia kusomwa, yanaweza kuwa mwanzo wa kazi kubwa.

Mfano ulio wazi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Gurnah alizaliwa mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na misukosuko iliyofuata, aliondoka visiwani na kwenda Uingereza akiwa bado kijana.

Ugenini alikutana na upweke, na kwa maelezo yake mwenyewe, uandishi wake ulitokana na majonzi ya kutengana na nyumbani. Alianza kwa kuandika mawazo yake katika shajara. Maandishi hayo yalirefuka yakawa tafakuri kuhusu nyumbani, na hatimaye yakageuka hadithi za watu wengine. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilichapishwa mwaka 1987, takriban miaka 20 baada ya kufika Uingereza.

Safari hiyo ndiyo inayoeleza kazi ya shajara. Shajara si riwaya, wala kuiandika kila siku hakumfanyi mtu kuwa mwandishi mara moja. Ndani yake kila jambo humhusu “mimi”: nimeumia, nimekumbuka, nimeogopa. Kazi ya fasihi huanza pale uchungu huo unapomsaidia mwandishi kutambua uchungu wa mwingine. Lakini asiyeuandika wa kwake huenda asiwe na kipimo cha kuutambua wa mwenzake.

Kwa nini iwe faragha?

Faida ya kwanza ni uhuru. Anayeandika kwa ajili ya mhariri, mwalimu au hadhira huchuja maneno kabla hayajafika kwenye karatasi. Katika shajara hakuna wa kumsahihisha wala wa kumfurahisha. Anaweza kukosea, kujipinga na kukiri hofu asiyoweza kuitamka hadharani. Mara nyingi ni humo ndimo sauti yake halisi inamosikika kwanza.

Faida ya pili ni kumbukumbu. Wafanyabiashara wa Kiswahili wamesema tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mwandishi ni mambo madogo: bei ya dagaa sokoni, namna bibi anavyofunga kanga, neno ambalo watoto wa mtaani wameacha kulitumia. Akili huhifadhi tukio kubwa na kupoteza vipande vinavyolipa uhai. Aliyeviandika siku ile ile atavikuta baada ya miaka kumi.

Faida ya tatu ni mazoea. Anayeandika mistari michache kila siku haogopi tena ukurasa mtupu.

Kalamu nyuma ya kuta

Nchini Kenya, maandishi ya faragha yalijaribiwa katika mazingira magumu zaidi. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake uliohoji nchi ilikuwa inaelekea wapi. Akiwa gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yalizaliwa mahali ambapo mfungwa hakuwa na hakika kwamba yangemfikia msomaji yeyote.

Ngũgĩ wa Thiong’o naye aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani mwishoni mwa mwaka 1977, na akaachiliwa Desemba 1978. Katika gereza la Kamiti aliandika kwa Kigikuyu, pia kwenye karatasi za chooni, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la Shetani Msalabani. Askari waliwahi kuichukua miswada hiyo katika upekuzi, kisha ikarudishwa. Mwaka 1981 alichapisha kumbukumbu za kifungo chake, akiziita shajara ya mwandishi gerezani.

Mifano hiyo miwili inaonyesha pia hatari iliyopo. Maandishi ya siri yanaweza kuangukia mikononi mwa asiyestahili kuyasoma. Kwa hiyo kuyahifadhi vizuri, na kutowataja watu kwa namna itakayowadhuru, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Lugha ya nyumbani katika daftari

Kwa wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kusoma shuleni kwa lugha nyingine, shajara ina umuhimu wa ziada. Mtu anaweza kukizungumza Kiswahili maisha yake yote bila kukiandika zaidi ya ujumbe mfupi wa simu. Lugha isiyoandikwa na wenyewe husimuliwa na wengine. Daftari la faragha halitoi alama wala halidai usanifu. Lafudhi ya mtaa, methali za wazee na maneno yaliyochanganyika na lugha za majirani yote yana nafasi humo.

Gurnah mwenyewe ameandika riwaya zake kwa Kiingereza. Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994, ilipata tafsiri ya Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, miaka 28 baadaye.

Kuanza hakuhitaji gharama kubwa. Tarehe, mahali, jambo moja lililoonekana na neno moja lililosikika vinatosha kwa siku. Kinachohitajika ni kurudi kesho, hata kama siku haikuwa na tukio. Na yanapofika miezi sita, asome alichoandika: jambo analolirudia bila kukusudia huenda ndilo hadithi aliyokuwa akiitafuta.